Kulungu Waliokufa Wameshiba

Ukitaka kumjua shemeji yangu Hedviga, anza na paka wake. Paka yule alinenepa hata akashindwa kuruka dirishani. Alikuwa anasimama chini, anaangalia juu kama abiria aliyeachwa na basi, mpaka Hedviga aje ambebe. Mbwa wake alikuwa vilevile. Kuku wake walitembea wakiyumba kama wajawazito. Na tarishi wa barua wa kijiji chetu, Horná Lieska, aliyeanza kazi akiwa mwembamba kama fito, ilibidi ashonewe sare nyingine, na kijiji kizima tulijua nani wa kulaumiwa, maana nyumba ya Hedviga ilikuwa ya mwisho kwenye njia yake na haikupita siku akatoka pale bila kushibishwa.

Shemeji alikuwa mpishi wa shule. Watoto waliosomea pale waliogopa hesabu, lakini zaidi waliogopa kubakiza chakula, kwa sababu angekuja akaketi kando yako na kukuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa nyumbani. Hata mimi, ambaye bonde hili lote halijatoa mtu wa kunishinda kula vibonge vya viazi kwa jibini la kondoo (waliojaribu wapo hai, waulizeni), nilikuwa naingia kwake kwa mlango wa nyuma nisije nikapakuliwa mara mbili.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "ukifika mbinguni malaika watashindwa kuruka."

"Wewe huendi huko, yanakuhusu nini? Leta sahani."

Tabia ile hakuzaliwa nayo. Aliniambia mara moja tu, akiwa anakanda unga, bila kuinua kichwa. Wakati wa vita, katika bonde walilotoka, nyumba yao ilichomwa na wakapitisha baridi nzima kwenye zizi la kondoo, mama yao akichemsha maganda ya viazi. Mdogo wake Terezka hakuifikia Pasaka. Kilichomkaa Hedviga hakikuwa kilio cha mama yake. Zilikuwa mbavu. Yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha mtoto, na zile mbavu zilikuwa zinapita chini ya vidole vyake moja moja. Tangu hapo, kiumbe chenye mbavu za kuonekana hakikupita mbele yake salama.

Sasa mtu wa namna hiyo akaolewa na nani? Na kaka yangu Vendelín, mwanamume mkavu kama ukuni, aliyekula ili tu asianguke njiani. Katika sisi wawili, sura niliichukua mimi, sauti niliichukua mimi, na miguu ya kucheza ngoma niliichukua mimi. Yeye alichukua kunyamaza. Chama cha wawindaji kilimwajiri kuwatunza kulungu wa msitu ulio juu ya kijiji: kuwaandalia chakula cha baridi, kuyajaza mahori kule juu, kuwawekea jiwe la chumvi. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yetu, na baba alipoangalia wanawe wawili akamchagua Vendelín, kwa sababu, alisema, mimi ningewachekesha kulungu mpaka wahame.

Siku moja ya machipuko nilipanda naye. Katikati ya njia akainama, akaokota mavi ya kulungu, akayavunja kwa vidole, akanusa. Nikamwambia sasa nimeelewa kwa nini supu ya mkewe haimshughulishi. Hakucheka, hakujua kucheka kabla ya saa sita. Akasema wameshaacha magome, wameanza machipukizi ya mierebi na ncha za majani, na kwa siku kadhaa wataharisha mpaka matumbo yao yazoee.

"Kulungu hali chakula, Gašpar," akasema. "Anakula kalenda."

"Basi nitakuletea ile ya ukutani kwangu, ya mwaka jana, uwapelekee."

Hapo alitabasamu kidogo, na kwa Vendelín tabasamu lilikuwa kama hotuba. Akaendelea kusema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kiangazi, alisema, ni karamu: majani mapana, maua ya mbugani, vichaka vya miiba vyenye matunda mekundu, na usiku mashamba ya watu. Vuli ni wakati wa mafuta: njugu za mwaloni, uyoga, matofaa pori yaliyoanguka. Ila madume wakati huo wanashindana kwa ajili ya majike hata kula wanasahau, wanaingia kwenye baridi wamekonda kama watu waliofunga Kwaresima ya mwaka mzima. Halafu theluji ikishuka, ni magome, vijiti, sindano za misonobari, na yale majani ya miiba yanayobaki kijani chini ya theluji. Na tumbo lenyewe linabadilika. Linasinyaa, linakuwa tumbo la vijiti. Ukimwona kulungu amesimama kimya kwenye theluji usidhani ana huzuni. Anabana matumizi.

Nikamwambia mimi tumbo langu ni moja mwaka mzima, na linapokea kila kitu. Akasema hilo kijiji kizima kinalijua.

Hedviga hayo yote hakuyasikia. Sitaki mtu adhani alikuwa mjinga au hakumpenda mumewe. Kwetu ndivyo mambo yalivyokuwa. Wakati wa baridi mwanamke hakanyagi penye mahori. Wazee walishikilia kwamba harufu ya jiko inawafukuza wanyama, na hata mwanamume anayewalisha alikuwa na koti lake la kazi hiyo, lisiloingia ndani ya nyumba kamwe. Koti la Vendelín lilikuwa la baba. Lilining'inia bandani, linanuka nyasi kavu, utomvu na madume ya kulungu, na Hedviga alikuwa akipita karibu yake anaziba pua. Yeye alishiriki mwezi wa sita tu, walipokwenda pamoja kukata matawi ya majani mabichi na kuyafunga matita, ambayo yalikaushwa kivulini ili yabaki kijani. Alikuwa anafunga matita kama anavyofunga vitambaa vya watoto, kwa fundo zuri. Kisha akayaona yakiondoka vuli kwenye mkokoteni, pamoja na magunia ya njugu za mwaloni na shayiri. Kilichofuata huko juu hakukijua. Kwamba Vendelín alianza na konzi moja ya shayiri, akaongeza pole pole wakati tumbo bado lina majani, na kwamba baridi ikishakaza aliiacha kabisa, akabaki na nyasi kavu na matita peke yake, hilo hakulijua. Jikoni kwake hakuulizwa, na msituni kwa mumewe hakuuliza.

Mwaka wa msiba, Vendelín alianguka mwezi wa saba. Alikuwa anashuka na tita begani, akafika kwenye kizingiti cha banda, na nusu yake ikafa pale pale. Kiharusi. Hospitali walimrudisha vuli inapoanza, upande wa kulia hauna kazi, mdomo umepinda, na maneno yote yamekwenda. Ilibaki sauti moja ya kooni, kama mlango mzito unaosukumwa. Daktari alituambia tusimfanye mtoto. Anasikia, alisema, na anaelewa kila kitu, ni njia ya kutokea tu iliyoziba.

Daktari huyo huyo alimwambia Hedviga kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kuishi miaka, na anaweza kuondoka kabla theluji haijayeyuka, na mara nyingi inategemea kama ana kitu anachokisubiri. Hedviga alilishika neno hilo kama mtu anayezama. Akakisogeza kitanda mpaka dirishani, dirisha linalotazama shamba la miplamu na, juu yake, ukingo wa msitu. Asubuhi na jioni kulungu walikuwa wanatokeza pale. Vendelín akiwaona, jicho lake zima linawaka, na ile sauti inatoka kwa upole. Siku ambazo hawakutokeza, alikuwa anafumba macho mapema.

Mimi wakati huo nilifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao chini ya bonde, nikipanda Jumapili kumnyoa ndevu. Nilikuwa namwambia amepata bahati ya wafalme, kitandani siku nzima na mwanamke mnene anamlisha kwa kijiko. Hedviga ananipiga na kitambaa cha vyombo. Na kweli, alikuwa anakula. Baada ya ndoa ya miaka yote ile ya kusukuma sahani pembeni, sasa Vendelín alimaliza.

"Nataka awaone wakija kwenye majani mapya," Hedviga aliniambia, akinisindikiza hadi langoni. "Akifika hapo, shemeji, atafika mbali. Nimeshaongea na Mungu. Awaweke hai hao, na mimi nitamweka hai huyu."

Chama cha wawindaji kilikuwa kimeahidi kugawana kazi ya kaka. Huyu alidhani yule amepeleka nyasi, yule alidhani huyu. Kwa ufupi mahori yalibaki matupu. Theluji ikaja mapema na ikaja kwa hasira, ikaganda juu, ikaanguka tena. Kulungu wakateremka zaidi, wakavuka ua, wakaanza kumenya magome ya miplamu hatua chache kutoka dirishani. Kwa karibu vile, Hedviga aliziona. Mbavu.

Asubuhi ya Mkesha wa Krismasi alikuwa jikoni tangu alfajiri: supu ya kabichi chachu, samaki, vibonge vidogo vya unga vyenye asali na mbegu za mpopi. Na kwetu Mkesha hakuna kiumbe cha nyumba kinachoachwa na njaa. Kabla watu hawajaketi, mama wa nyumba huchota kidogo cha kila kitu akawapelekea wanyama. Ng'ombe hupata mkate na kitunguu saumu, kuku njegere na ngano, nyuki asali mlangoni pa mzinga. Nyumba isiyofanya hivyo inajiitia mwaka mbaya. Hedviga aliwapa wake wote, kisha akasimama dirishani akapangusa mvuke kwa aproni, akaangalia wale waliokuwa wanatafuna magome. Hawa nao, alisema moyoni, ni wa nyumba hii. Ni wa Vendelín.

Alikwenda bandani akavaa lile koti. Alifanya hivyo kwa heshima, kwa kufuata walivyosema wazee, asiwatishe kwa harufu ya jiko. Akapakia kwenye kigari cha kuburuta juu ya theluji gunia la ngano ya kuku, njegere, na mikate ya sikukuu aliyooka mwenyewe, akapanda nayo mpaka hori la kwanza, lililo ukingoni mwa msitu, mahali ambapo Vendelín angeweza kuona. Akalijaza.

Kulungu hawakukimbia. Walilijua koti. Walisogea akiwa bado anamimina, jike mmoja mzee mbele na wengine nyuma, wakala wakigusana mabega. Aliniambia baadaye kwamba alilia pale kwa furaha mpaka machozi yakaganda, kwa sababu alikuwa anasikia meno yao yakisaga, na hajawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Akarudi ndani mbio, theluji bado kwenye viatu.

"Baba," akamwambia, maana ndivyo walivyoitana, Baba na Mama, "umewaona? Nimewapa. Ngano, mkate, kila kitu. Wanakula, Baba. Tazama wanavyokula."

Vendelín alitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa. Alijaribu kuinuka. Mkono wa kushoto ulipiga ukingo wa kitanda, ukaangusha kikombe, ukashika pazia ukalivuta mpaka likachanika. Machozi yalimtoka akatikisa kichwa, akatikisa, na Hedviga akamkumbatia kichwa hicho kifuani, naye analia, anamwambia ndiyo, ndiyo, najua, nimekuelewa, usijisumbue kusema.

Alidhani anashukuru.

Siku ya Krismasi yenyewe alipanda tena, na gunia kubwa zaidi. Akarudi, akamsimulia, na mumewe akafanya vilevile, mpaka povu likamtoka mdomoni. Kesho yake, siku ya Stefano mtakatifu, akapanda tena. Walikuja wachache. Akasema moyoni, wamelala huko juu, wameshiba kwa mara ya kwanza.

Mimi sikukuu hiyo nilikuwa kwao mke wangu, bonde la pili, na barabara ilikuwa imefungwa na theluji. Nilipofika kesho yake, nilipanda na Radovan, bwana misitu, kijana mwenye adabu aliyekuja kumpa kaka mkono wa sikukuu. Kabla hatujaingia ndani tukasikia kunguru. Walikuwa wengi, chini kwenye kijito, na kunguru hawafanyi sherehe bila sababu. Tukaenda kuangalia.

Walikuwa wamelala kando ya maji na ndani ya maji, maana kiu iliwashika. Wengine walikuwa njiani kati ya hori na kijito, miguu imenyooka. Radovan alianza kuwahesabu akaacha. Walikuwa wazuri, hicho ndicho kilichonichanganya. Nimeshaona kulungu waliokufa kwa njaa, wanakuwa kama ngozi iliyotupwa juu ya viti. Hawa matumbo yalikuwa yamejaa, yamekaza kama ngoma. Radovan akatoa kisu akampasua jike mmoja, na harufu iliyotoka sikuitarajia msituni. Ilikuwa harufu ya unga wa mkate uliosahaulika karibu na jiko mpaka ukachacha. Ndani mlikuwa na ngano, njegere, na vipande vya mkate wenye zabibu. Mkate ule niliujua.

Nilikuwa bado sijasema kitu nikasikia theluji ikilia nyuma yangu. Hedviga alikuwa ametuona dirishani akatufuata, kichwa wazi, mikono ina unga. Akaangalia lile tumbo lililofunguliwa. Kisha akaangalia wengine, mmoja mmoja, kama anavyoangalia watoto mezani.

"Wamekula nini?" akauliza.

Radovan aliangalia viatu vyake. Alimweleza kwa upole, akimwita shangazi. Alisema tumbo la kulungu wakati huu ni la vijiti na magome, na kinachovisaga humo ndani ni vijidudu vilivyozoea vijiti na magome. Ukileta ngano nyingi kwa ghafla, inachacha humo humo, inageuka sumu, tumbo linavimba, damu inaharibika, na mnyama anakufa akitafuta maji. Si kosa la mtu, alisema. Hata wawindaji wakubwa hilo huwapata.

"Ningewaacha," Hedviga akasema, "wangekufa njaa?"

"Baadhi, shangazi. Wale dhaifu."

"Na hawa wengine?"

Radovan alisema kweli, namheshimu kwa hilo mpaka leo. "Wengine wangefika."

Hedviga aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Akapiga magoti, akapitisha mkono ubavuni mwa yule jike mzee, kutoka shingoni hadi kwenye nyonga, akirudia. Mkono ulipita laini. Kisha ukasimama. Aliniangalia mimi, na sijawahi kutaka kuwa mtu mwingine mahali pengine kama wakati ule.

"Shemeji. Yeye alijua?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Waulize watu wa Lieska. Mapadre nimewajibu, mahakimu nimewajibu. Yeye nilimvulia kofia tu.

"Alikuwa ananikataza," akasema. "Siku zote tatu alikuwa ananikataza. Na kila alivyolia ndivyo nilivyoongeza."

Akainuka, akashuka nyumbani peke yake. Nilimkuta amesimama miguuni pa kitanda, hakuketi, kama mtu aliyeitwa ofisini. Alimwambia kaka yangu kila kitu, bila kujitetea hata neno moja: ngano ilikuwa kiasi gani, njegere, mikate, na waliko sasa. Alimwambia kuhusu koti. Vendelín alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafumba macho, akageuza uso kutoka dirishani. Kwa shingo yake ile, kugeuka huko ilikuwa kazi kubwa, nasi tulimwangalia akiifanya hadi akaimaliza.

Siku zilizofuata nyumba ile haikuwa na moshi wa kupikia. Niliomba ruhusa kazini nikakaa nao. Mke wa jirani alileta supu, nikaipasha. Vendelín alifunga mdomo kila kijiko kilipomkaribia, changu au cha mkewe. Hedviga mwenyewe hakula. Nilimtania, nikamwambia paka anaanza kuweza kuruka, hali ni mbaya. Hakunisikia. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono mapajani imefunguka, kama vyombo ambavyo havina kazi. Mashavu yale tuliyokuwa tunayacheka yalishuka. Usingeamini mtu anaweza kupungua upesi vile.

Ikafika asubuhi nimeweka bakuli kwenye meza ya kitandani na kwenda kuchochea jiko. Nilipogeuka, Vendelín alikuwa amefungua macho, anamwangalia mkewe. Anamwangalia hapa chini ya shingo, ambapo kola ilikuwa imefunguka na mifupa imetokeza. Kisha mkono wa kushoto ukatambaa juu ya blanketi, ukashika kijiko, si kwa namna ya kushika kijiko, kwa ngumi, ukakizamisha kwenye supu. Nusu ilimwagika kwenye shuka. Kikabaki kimening'inia hewani mbele ya Hedviga, kinatetemeka, kinadondosha.

Hakufungua mdomo mara moja. Kaka akatoa ile sauti yake, fupi.

Akafungua. Akameza. Kisha akainama akaweka paji la uso kwenye ule mkono, na mimi nikatoka nikaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Sasa ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo kaka alipona. Nimesimulia hadithi nyingi katika maisha yangu, na nyingine nilizipamba mpaka wenyewe walioshuhudia wakanishukuru. Hii siiwezi. Alikula kidogo, akamlisha mkewe kidogo, ikawa ndio mchezo wao, kijiko kwako, kijiko kwangu. Lakini kwenye dirisha hakutazama tena. Hedviga alijaribu kukigeuza kitanda, kaka akatoa sauti ya kukataa, na safari hii alieleweka. Alikufa mwezi wa pili, mchana, theluji ikiwa bado imefika kwenye vioo vya madirisha. Tulichimba kaburi kwa moto na sururu. Kwenye chakula cha matanga Hedviga alipika kwa ajili ya kijiji kizima, na kila aliyepita mbele yake alimpakulia kijiko kimoja, akasita, akamuuliza kwanza kama anataka zaidi. Watu waliona haya kujibu.

Shule aliiacha mwaka huo huo. Alisema mikono imechoka.

Theluji iliyeyuka mwisho wa mwezi wa nne. Nilikuwa nimepanda Jumapili kumtengenezea ua, tunakunywa chai kwenye baraza, yeye anatazama vikombe. Shamba la miplamu lilikuwa limeanza kuota majani, yale mafupi yanayong'aa, ya wiki ya kwanza. Nikawaona kabla yake. Majike watatu, wamekonda, manyoya yanawatoka kwa mafungu, mmoja tumbo lake linaonyesha ana ndama. Walikuwa wamevuka ua uliovunjika, wanakata majani kwa ncha za midomo, hatua mbili, wanainua kichwa, hatua mbili. Hawa ndio waliobaki. Sijui kama hawakulifikia hori au walichelewa tu.

Nilidhani namletea habari njema. "Shemeji," nikasema, "wamekuja kwenye majani mapya."

Aliinua macho. Aliwaangalia, akaweka kikombe chini polepole kisimwagike, akasimama.

"Wafukuze, Gašpar," akasema. "Tafadhali. Wapeleke mbali na mimi."

Akaingia ndani, nikasikia pazia likivutwa, na baada yake la dirisha la pili.

Basi nikashuka shambani. Yule mwenye mimba alikuwa wa kwanza kuniona. Aliniangalia huku anatafuna, masikio mbele, hana haraka, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti la baba, nililolichukua bandani kwa ajili ya kazi ya ua. Nililivua nikalitupa chini. Nikainua mikono, nikapiga makofi.